Baridi kali Ijumaa usiku na bustani bado imejaa, naombeni ushauri wa haraka

BintiRungwe:
Habari za saa hizi wakuu. Niko Minnesota, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna kiwanja kama hatua kumi na mbili kwa nane, mwenye nyumba alituruhusu tulime, basi mwaka huu nimelima kweli kweli maana mwaka jana nilichelewa. Nina nyanya, hoho, mchicha, sukuma, maboga matano, viazi vitamu mistari miwili na yale maharage ya kula na maganda yake. Sasa utabiri unasema Ijumaa kuamkia Jumamosi inashuka hadi nyuzi 28 za hawa wenzetu, yaani kama -2 ya kwetu, na mimi natoka kazini saa moja usiku giza limeshaingia. Nyanya kibao bado za kijani. Nianze na nini? Kipi kitakufa kipi kitapona? Na mabua nikishang'oa niyaweke kwenye mboji au nitupe, mengine yana madoa meusi. Halafu swali dogo la mwisho, maharage yakishawekwa kwenye chupa yanakaa muda gani? Natanguliza shukrani.

Mtazamaji_Mkimya:
Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

BwanaShambaMstaafu:
Binti pole, usihangaike na vyote kwa pamoja. Mchicha, hoho, maharage, nyanya na majani ya viazi havivumilii hata usiku mmoja wa namna hiyo, asubuhi utakuta vimelegea vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Anza navyo. Maboga kata uache kikonyo kama vidole vinne na usiyabebe kwa kikonyo, kikivunjika hapo ndipo uozo unapoingilia. Viazi vitamu chimba sasa kabla udongo haujapoa sana, usivioshe, viweke pa joto kama wiki hivi mikwaruzo ijifunge na utamu uongezeke, friji usithubutu. Sukuma iache! Ikipigwa na baridi inageuza wanga wake kuwa sukari, utakula tamu kuliko ya mwezi wa 8. Nyanya za kijani zilizojaa chuma zote, zipange kwenye boksi ndani ya nyumba, hazihitaji jua kuiva, weka ndizi mbivu moja katikati. Zenye doa zitenge. Mabua yenye madoa meusi inaelekea ni bakajani, usiyatie kwenye mboji ya nyumbani, joto lake mara nyingi halitoshi kuua vimelea, funga kwenye mfuko utupe.

SingidaAlizeti:
Umenikumbusha bibi yangu. Kunde zikichanua majani tu alikuwa anatutuma tuchume kabla jua halijawa kali, anachemsha kidogo, anaanika juu ya tembe, na mlenda hivyo hivyo. Ikifika mwezi wa 10 huku kwetu hata punda anatafuta kivuli hakipati, sisi tunakula mboga. Siku moja niliachwa kulinda kuku wasipande juu, nikalala, kuku wakala nusu. Sikuchapwa ila nilikula ugali kwa chumvi siku hiyo na bibi akiniangalia. Kausha mboga dada.

Mtu_wa_Nyumbani:
Mimi siwaelewi. Mnavuka bahari kwenda kushika jembe, huku mashamba ya wazazi Tukuyu yamejaa magugu. Rudini mlime kwenu ambako hakuna hiyo baridi ya kuua mchicha.

KinangopBaridi:
Nani amekuambia Afrika hakuna? Hapa kwetu Kinangop, Kenya, tunaita sakitu, inachoma viazi usiku mmoja shamba lote. Dada, zile hoho ambazo hutafikia Ijumaa zifunike na shuka kuukuu jioni, si nailoni igusane na majani, shuka. Ifike chini kabisa kwa udongo maana joto ndilo linatoka huko. Asubuhi jua likitoka ondoa.

Nesi_wa_Zamu:
Mbona wote mmeruka swali la chupa? Mdogo wangu, hayo maharage umeyafungaje?

BintiRungwe:
Asanteni sana, Bwana Shamba Mungu akubariki, leo nimeanza na mchicha na viazi. @Nesi nimefunga vizuri tu dada, chupa za kioo mpya na vifuniko vyake vyote vimezama katikati kama inavyotakiwa. Naomba kuuliza nyanya zile ndogo ndogo ngumu kabisa nazo zitaiva?

BwanaShambaMstaafu:
Ndogo ngumu haziivi, hizo za achari.

Nesi_wa_Zamu:
Narudia. Ulichemsha kwenye sufuria ya kawaida au ile ya presha? Uliweka siki? Na ilikuwa lini?

BintiRungwe:
Sawa ngoja niseme maana naona sitaachwa. Ni sufuria ya kawaida, chupa zimezama kwenye maji, zikachemka dakika arobaini na tano nikiwa nimesimama pale pale. Siki sikuweka, ni maharage, maji na chumvi. Ni wiki mbili zilizopita. Chupa kumi na nne. Jumapili tuna sikukuu ya mavuno kwenye ibada yetu ya Kiswahili, kuna mnada kama nyumbani, na nimeshaahidi, limetangazwa kabisa mbele ya watu. Tatu nimeshawapa kina mama ninaosali nao. Lakini jirani yangu mzungu bibi wa miaka themanini ameniambia mama yake alifanya hivyo hivyo miaka yote. Vifuniko vimezama, hakuna harufu, maji ni meupe. Nilikuwa nafikiria niandike kikaratasi wachemshe kabla ya kula. Hiyo haitoshi?

Nesi_wa_Zamu:
Haitoshi mdogo wangu, na naomba unisikilize bila kukasirika. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, anaishi kwenye udongo, huo huo uliotoa maharage yako. Mbegu zake zinavumilia maji yanayochemka hata saa kadhaa, zinataka joto la juu kuliko hapo, 116 kwenda juu, na hilo unalipata kwenye sufuria ya presha ya kusindikia tu. Wengine uliwaua kwa kuchemsha, huyu ukamfungia ndani, hakuna hewa, hakuna asidi, ndiyo nyumba anayoitaka, anatoa sumu. Haina harufu. Haina ladha. Kifuniko kuzama maana yake hewa haiingii basi, hakisemi kitu kingine. Mtu akila, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36 anaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, ulimi mzito, kumeza shida, mwisho pumzi. Kikaratasi hakisaidii, mama anafungua chupa anaonja na kijiko kwanza, mtoto anadokoa ganda moja. Mama wa jirani alikuwa na bahati, huwezi kuigawa bahati kanisani.

Mzee_wa_Kahawa:
Hawa manesi wanatisha watu. Mbona tunakula makande yaliyolala siku mbili?

Nesi_wa_Zamu:
Makande yako mzee hayajafungiwa bila hewa wiki mbili kabatini. Si kitu kimoja.

JichoLaTatu:
Wakuu hii ni chai na sukari imezidi. Kajiunga jana, uzi wa kwanza, anasema analima mchicha na viazi vitamu Minnesota kwenye theluji, halafu ghafla chupa, halafu kanisa, halafu bibi wa miaka themanini. Kesho atasema anauza hizo sufuria za presha. Mods angalieni.

Mtazamaji_Mkimya:
Hapo sasa.

Mtu_wa_Nyumbani:
Na mimi nilihisi. Mchicha hauoti huko.

BintiRungwe:
Nimejiunga jana kwa sababu jana ndio nilikwama. Sina cha kumuuzia mtu. Nyanya nilizisia ndani mwezi wa 3 kwenye vikombe vya maziwa ya mgando, nikazihamishia nje mwisho wa mwezi wa 5. Mwezi wa 6 jua linazama saa 3 usiku, mchicha unapanda mpaka unakuchosha. Hiyo theluji mnayoijua nyinyi inakuja baadaye. Nimechimba viazi jana na tochi kichwani mpaka saa 4, mikono imepasuka, halafu mtu ananiambia chai.

Kaka_wa_Iowa:
Mimi niko jimbo la jirani chini yake, dada anasema kweli. Mchicha pori huku ni gugu, wenye mashamba ya soya na mahindi wanapambana nalo kwa dawa kila mwaka, itakuwa huo wa kupanda? Wakongomani wa mtaani kwetu wanalima lengalenga, yaani mchicha huo huo, uani na wanauziana kwa mafungu. Tena mimi mwaka wangu wa kwanza niliacha nyanya zote nje nikidhani baridi inakuja taratibu kama kule Mbeya, nimeamka zote zimekuwa uji. Nililia kama mtoto. Dada sikia, mnada wako hujaupoteza. Una nyanya ndogo za kijani ambazo haziivi. Tengeneza achari, siki iwe ile iliyoandikwa asilimia 5, fuata vipimo vya mapishi yaliyopimwa, siki usiipunguze, hiyo chupa inachemshwa kwenye sufuria ya kawaida na ni salama kwa sababu ya asidi. Nyanya mbivu nazo ukisindika ongeza maji ya limau ya chupa, vijiko viwili vikubwa kwa chupa ya lita moja. Maharage yaliyobaki shambani chemsha dakika tatu, tia maji ya barafu, friza. Na kila jimbo huku lina ugani wa chuo kikuu, kama mabwana shamba wetu, wapigie.

BintiRungwe:
Na hizi kumi na nne? Ni kazi ya siku mbili. Nilichuma na mwanangu, yeye ndiye alipanga maganda yasimame.

Nesi_wa_Zamu:
Usifungue, usionje, usimwage kwenye sinki. Zikiwa bado zimefunga zitie kwenye mfuko mzito, funga, takataka. Kama kuna iliyovimba au inayovuja usiiguse kwa mikono mitupu, niambie kwanza. Na hizo tatu zifuate leo, si Jumapili. Waulize kama kuna aliyekula, aliyekula akisikia dalili zozote aende hospitali ataje neno botulizimu, dawa yake ipo lakini inataka mapema.

JichoLaTatu:
Kama ni kweli basi nisamehe dada. Zifuate.

BintiRungwe:
Mama wa kwanza kairudisha, haijaguswa. Wa pili kasema aliificha wajukuu wasiione, nimeichukua. Wa tatu hapokei simu tangu saa 11 jioni. Nimemwachia mwanangu kufunika hoho na shuka kama alivyosema wa Kinangop. Naenda kwake sasa hivi, ni dakika ishirini kwa gari.

Nesi_wa_Zamu:
Nenda. Nipo macho hapa.

BintiRungwe:
Nimeipata. Alikuwa zamu ya usiku, simu kabatini. Chupa ilikuwa mezani, kaitoa ili apike kesho. Kumi na moja za ndani nimeshazifunga kwenye mfuko pamoja na hizi tatu. Gari lina baridi, kioo kimeanza kuganda. Nikifika naanza kukata nyanya za achari.