Mfadhili kasema bodi imeamua "to table" andiko letu. Tufurahi au tusubiri?

Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kikundi cha maji kijijini. Tuliomba fedha za kisima kwa shirika moja la Marekani, na jana limekuja jibu: "The board decided to table your proposal." Mwenyekiti anasema andiko limeshafika mezani, tumlipe mchimbaji malipo ya awali kutoka kwenye michango ya wanachama. Mweka hazina hataki hela iguswe. Yupi yuko sahihi, na nijibu vipi? Nawasilisha.

Mwana wa Pwani: Hongereni mkuu. Bungeni Dodoma si kuna hati za kuwasilisha mezani? Waziri anasimama, anaiweka, inajadiliwa. Neno ni hilo hilo.

Kalamu Nyekundu: Hapana ndugu, utawapoteza wenzako. Hiyo ya Bunge ni desturi ya Uingereza, ndiyo tuliyorithi sisi na Wakenya. Mmarekani akilitumia kwenye kikao, maana inageuka: hoja imewekwa kando. Meza ni moja, ila Mwingereza anaweka karatasi mezani ili ijadiliwe, Mmarekani anaiacha mezani ili kikao kiendelee na mengine. Kanuni za vikao alizotoa Henry Robert mwaka 1876, ambazo vyama vingi vya huko vinazifuata hadi leo, zina hoja maalumu ya kufanya hivyo. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, naye ameandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa wa nchi hizo mbili walibishana muda mrefu kwa sababu ya neno hili, kumbe wote walitaka jambo lilelile. Mweka hazina wenu asikilizwe.

Mleta uzi: Kwa hiyo tumekataliwa?

Kalamu Nyekundu: Sivyo. Iliyowekwa kando inaweza kurudishwa, ila usipofuatilia inaweza kulala moja kwa moja. Barua imetaja "until", yaani "hadi", popote? Hapo ndipo utajua wanangoja nini. Ukijibu, liepuke neno lenyewe kabisa, uliza mambo mawili tu, lini bodi italiangalia tena na wanahitaji nini kwenu kabla ya hapo: "When will the board consider it again, and what do you need from us before then?" Swali la namna hiyo ni la kawaida kwao, halikushushii hadhi.

Bi Mkubwa: Mwanangu, la mwenyekiti usilipeleke mkutanoni. Mfuate nyumbani kwake, msome barua pamoja, yeye mwenyewe ndiye awaambie wanachama kwamba mchimbaji asubiri. Nimeona vikundi vikivunjika kwa mambo madogo kuliko hili.

Mleta uzi: Shikamoo Bi Mkubwa, nimekuelewa. Nimeirudia barua, mwishoni wameandika "until we receive the water test results". Vipimo vya maji hatukuvipeleka. Jioni napita kwa mwenyekiti, kesho naulizia maabara ya wilaya.