Aliniuzia mashine ya randa "iliyofufuliwa", kumbe ni kutu na ufa uliofunikwa kwa rangi

Ndugu zangu mafundi na wapenzi wa useremala wa nyumbani,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Miezi miwili iliyopita nilinunua mashine ya randa ya zamani, yenye meza mbili za chuma cha kusubu (yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), moja ya kuingizia ubao na nyingine ya kutokea, na silinda ya visu katikati yake, kutoka kwa mtu aliyeitangaza kuwa imefufuliwa kikamilifu na iko tayari kwa kazi. Rangi ya kijani iling'aa, kibati cha kiwanda kilikuwa kimesuguliwa kikametameta, na mota ilipowashwa mbele yangu ilinguruma vizuri kwa muda usiozidi dakika moja, kisha akaizima haraka akisema anaogopa kuwasumbua majirani. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kunasa kwenye rangi.

Ubao wa kwanza nilioupitisha ulitoka umepinda kama upinde. Nilidhani kosa ni langu, nikaweka visu upya, nikahakikisha kwamba meza ya kutokea iko sawasawa na ncha ya kisu kinapofika juu kabisa, nikajaribu tena, na mbao zikaendelea kupinda vilevile. Nilipolaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya meza ya kuingizia, niliweza kupenyeza chini yake vibamba vya fila (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) vya unene wa milimita 0.6 katikati, wakati kwa kazi nzuri ya kuunga mbao sitaki kuona nafasi inayozidi sehemu ya kumi ya milimita. Maana yake ni kwamba bwana huyu aliondoa kutu kwa grenda, akachimba bonde kwenye meza ambayo kiwanda kiliinyoosha kwa uangalifu. Kutu ya juu juu ya chuma cha kusubu hutoka kwa wembe, mafuta na msasa laini. Ile iliyokomaa kwenye vipande vidogo hutolewa kwa kuvitumbukiza katika maji yenye magadi ya kufulia na kupitisha umeme wa chaja ya betri, upande hasi ukiwa kwenye kipande na upande chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida (kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu ya kromu ndani ya maji). Njia hizo hazigusi chuma kizima. Zinachohitaji ni subira, na subira ndiyo aliyokosa.

Beringi nazo zilipata moto baada ya dakika kumi hivi za kazi. Nilizikuta ni zile kuukuu, grisi imekauka kama nta, wakati ni za ukubwa wa kawaida kabisa, tundu milimita 17 na kipenyo cha nje milimita 40, zinazopatikana popote panapouzwa beringi. Hili ningeweza kulisamehe.

Lisilosameheka ni ufa. Nilipokwangua rangi kwenye hauzingi ya beringi (kasha la chuma linaloishikilia), upande wa puli (gurudumu la mkanda wa mota), nilikutana na puti ya kuziba mabati ya magari, na chini ya puti kulikuwa na ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti na kuizunguka hauzingi karibu nusu. Niligonga upande usio na ufa kwa nyundo ndogo, ukalia kama kengele; nikagonga upande wenye ufa, ukatoa mlio wa chungu kilichopasuka. Silinda ya visu ya mashine ndogo kama hii huzunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, na chuma cha kusubu hakipindi kwanza ili kukuonya, bali hukatika ghafla. Vidole vyangu vilikuwa sentimita chache kutoka hapo. Mtu aliyepaka puti ile aliuona ufa kwa macho yake, kwa sababu huwezi kuziba usichokiona, na bado akapokea fedha zangu huku akitabasamu.

Nilipompigia simu alinijibu kwamba "mashine za zamani zina tabia zake" na kwamba labda mimi ndiye sijui kuitumia. Ufa una tabia gani? Ungechomelewa kwa shaba, chuma kikipashwa moto kwanza na kuachwa kipoe polepole, na fundi mwenye uzoefu anaiweza kazi hiyo. Au angeniambia ukweli, nami ningeinunua kama chuma chakavu cha kujitengenezea mwenyewe, jambo ambalo ningelifanya kwa furaha.

Nimemtaka aichukue mashine yake na kunirudishia fedha zote pamoja na gharama ya usafiri. Ujumbe wangu wa tatu ameusoma bila kuujibu. Silinda nimeifungua, hauzingi iko juu ya benchi ikiwa haina rangi hata chembe, na picha za ufa nimezipiga kila upande, rula ikiwa kando yake.