Mjadala: Mtoto kuitwa "Ombaomba" darasani ni utani?

Mleta mada (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, salaam. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi kwenye shule moja ya kutwa hapa mjini, jina naliacha. Ajenda ilikuwa michango ya chakula. Tukaishia kuzozana juu ya mtoto wa kidato cha kwanza aliyegoma kwenda shule wiki mbili.

Katokea kijijini huko Chamwino, anakaa kwa shangazi yake, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya Kigogo. Wenzake, wengi ni watoto wa watumishi waliohamia na wizara kutoka Dar, wamembandika jina la Ombaomba. Akikaa tu, wanamrushia sarafu za hamsini juu ya dawati. Kila siku. Shangazi alikuja kukuta soksi kwenye begi imejaa sarafu. Hakuwa ametumia hata moja.

Mzazi mmoja akainuka: "Jamani, Wagogo si watani wetu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, nakiri. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipogundua kwamba nimefanya kilekile kinachofanywa na darasa zima.

Utani niliolelewa nao una pande mbili. Mtani akikuchokoza unamrudishia, tena kwa ukali zaidi, na siku ya msiba ndiye anakuja kukuhangaikia. Huyu mtoto amrudishie nani, akiwa peke yake mbele ya kundi? Na akifiwa, nani kati yao atafika? Yule Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, alitaja mambo matatu: kukusudia kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Sarafu hizi zina yote.

Kikao kimependekeza wahusika wachapwe mstarini. Mimi napinga. Tukiwachapa mbele ya shule nzima tunawaonyesha somo wanalolijua tayari: mwenye nguvu humdhalilisha mnyonge huku watu wakitazama. Nyie mnasemaje?

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo. Hapo kwenye utani niko nawe. Kwenye fimbo, taratibu kidogo. Nimewahi kuwa na watoto 80 darasa moja. Kama badala ya fimbo ni unasihi, huo ningeufanya saa ngapi? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 ziko wazi: visizidi vinne, mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Shida yetu ni fimbo ya holela. Ila mwonevu asipoguswa kabisa, waliobaki wanajifunza kwamba inalipa.

Mchangiaji, Singida

Mwalimu, shikamoo. Mimi nilikuwa mwonevu, tena sugu.

Nilisoma bweni. Kiangazi maji yakikatika, njuka, yaani wanafunzi wageni, ndio walikuwa bomba letu: ndoo mbili mbili kutoka kisimani kabla ya paredi, na ole wake atakayemwaga. Nilichapwa mara tatu kwa hilo. Kila nilipochapwa, usiku wake aliyenisemea alilipa. Fimbo ilinifundisha kujua mwalimu yuko wapi, basi.

Aliyenimaliza ni metroni. Alibandika zamu ya maji kwa majina, wakubwa kwa wadogo, kisha saa kumi na moja alfajiri yeye mwenyewe akawa anakaa pale kisimani na khanga yake mabegani. Hakugomba na mtu. Biashara yangu ikafa wiki ileile. Kwa hiyo ningeuliza: hizo sarafu zinarushwa muda gani, na wakati huo mwalimu wa kipindi yuko wapi?

Mchangiaji, Ilazo

Njuka lazima akomae bwana. Sisi tumepita humo na tuko hai.

Mama wa watatu, Kizota

@Ilazo uko hai, sawa, lakini mpaka leo unatetea kuteswa watoto. Huo ndio ukomavu?

Halafu mmesahau simu. Shuleni haziruhusiwi, nyumbani mtoto anashika ya mama yake. Siku picha ya hizo sarafu ikiingia kwenye grupu la WhatsApp, itamfuata hadi kitandani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni, waambieni hao wazazi wanaocheka. Na shangazi apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, atapata mtu wa kuongea naye kuhusu mtoto.

Mleta mada

Asanteni. Mwalimu, nakubali kwamba lazima wahusika waone kuna gharama. Bado nabisha kuhusu fimbo. Wa Singida umenigusa. Nimeuliza leo: ni ile nafasi kati ya kipindi cha pili na cha tatu, darasa halina mtu mzima kabisa. Mwalimu wa zamu kakubali kusimama mlangoni muda huo kuanzia kesho.

Imebaki soksi. Shangazi amezihesabu sarafu: jumla shilingi 3,400. Anataka aende nazo kwenye kikao kijacho azimwage mezani, kila mzazi achukue za mwanawe. Mimi naona aende. Mume wake anasema atamwaibisha mtoto mara ya pili. Mtoto mwenyewe hajaulizwa bado.