Wimbo wa jasusi mpya: niusikilize ukitoka au nisubiri ukumbini?

Bundi77: Wakuu salaam. Mtacheka, lakini jambo hili linaninyima usingizi. Filamu mpya ya jasusi iko jikoni, na kama kawaida wimbo wake utatangulia kutoka. Safari hii nataka kuamua mapema. Niusikilize siku ileile, au nizibe masikio mpaka taa zizimwe ukumbini ndipo niusikie kwa mara ya kwanza? Waliojaribu njia zote mbili naomba uzoefu.

Kapero: Jasusi yupi? Majasusi wa sinema wamejaa kama utitiri. Halafu utaangalia wapi, ukumbini kweli au kwenye simu? Kama ni simu usituchoshe.

Bundi77: Samahani mkuu. 007, yaani James Bond, hii aliyokabidhiwa mwongozaji Denis Villeneuve.

Kapero: Nimeuliza mawili, umejibu moja.

SanturiKuukuu: Subiri, kijana. Wimbo wa Bond haukutungwa uusikie ukipiga deki. Una mahali pake: kuna kisa cha kufungulia, mtu anaanguka au kitu kinalipuka, giza, kisha muziki. Filamu ya Skyfall, mwaka 2012, Bond anatunguliwa juu ya treni, anatumbukia majini, na mwimbaji Adele anaingia jamaa akiwa bado anazama. Kinanda kile na maji yale huwezi kuvitenganisha. Ukiusikia chumbani umepata nusu.

Nyuzi6: Napinga. Wimbo huo ulitoka tarehe 5 Oktoba, wiki kadhaa kabla ya filamu. Nilikwenda nimeukariri wote, na noti za kwanza zilipolia nywele zilinisimama kwa sababu nilijua kinachokuja. Usichokijua hukingoji. Tena ukiusikia mara ya kwanza pale, maneno yanakupita. Macho yana kazi ya kufuata picha za utangulizi za Daniel Kleinman.

MamaZeze: Wiki kadhaa si neno. Ngojeni niwape yangu.

Mwimbaji Billie Eilish alitoa wake, No Time to Die, tarehe 13 Februari 2020, filamu ikiwa imepangwa Aprili. Nikasema miezi miwili itapita tu. Nikaupenda hadi nikaufanya alamu ya simu. Corona ikaingia. Filamu ikasogezwa, ikasogezwa tena, ikaja kutoka mwishoni mwa Septemba 2021! Hesabuni wenyewe. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu naamshwa na kinanda kile saa kumi na moja alfajiri.

Siku yenyewe nimekaa katikati ya safu, nimejipanga. Bond anampandisha mpenzi wake kwenye treni na kumwacha aende. Koo limenikaba. Kinanda kikaanza, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukazama kwenye mkoba kutafuta simu niizime. Napekua, simu siioni, jirani anakohoa kile kikohozi cha kukukanya. Nilipoinua kichwa utangulizi ulishafika nusu. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule nahisi nimechelewa kazini.

Kapero: 😂😂 Hilo ni kosa la alamu, dada, si la wimbo.

MamaZeze: Ni kosa la kuusikia kabla. Usinigeuzie maneno.

SanturiKuukuu: Kosa ni kwamba nyimbo za siku hizi zote ni za matanga. Shirley Bassey alipoimba Goldfinger mwaka 1964, tarumbeta zilikuamsha mara moja tu na hukurudi kulala. Ndiyo maana wakamrudia 1971 na 1979. Nani mwingine ameimba tatu?

Nyuzi6: Mzee, hizo za matanga ndizo zilizobeba tuzo za Oscar: Adele, Sam Smith, Billie Eilish, mfululizo. Paul McCartney na Live and Let Die yake ya 1973 aliishia kuteuliwa.

SanturiKuukuu: Tuzo haipulizi tarumbeta.

Kapero: Mimi sina shida na huzuni. Shida yangu ni wimbo usiotaja jina la filamu. Sam Smith kaimba mwanzo mwisho, Spectre hulisikii hata mara moja.

Nyuzi6: Carly Simon naye 1977, filamu ni The Spy Who Loved Me, wimbo wake unaitwa Nobody Does It Better, na hakuna aliyelalamika.

Kapero: Lisikilize beti la kwanza vizuri. Jina la filamu limo.

Nyuzi6: …Limo kweli. Nimesalimu amri. Lakini ile ya 1969, On Her Majesty's Secret Service, utangulizi wake hauna mwimbaji kabisa, ni ala tupu za mtunzi John Barry, na kwangu ndiyo bora kuliko zote.

SanturiKuukuu: Hapo umesema la maana leo.

MamaZeze: Bundi bado upo? Kumbuka pia trela. Utakwepa wimbo wiki nzima, kisha trela ikutegee kiitikio katikati ya video ya mambo mengine kabisa.

Bundi77: Nipo, nasoma. Nilikuwa naelekea kusubiri. Ila kuna kitu sikusema: nalala chumba kimoja na mdogo wangu, na yeye hajui hedifoni ni nini. Kikitoka kitu, nyumba nzima tunakisikia.

Kapero: Si ungeanza na hilo! Na bado hujasema utaangalia wapi.

SanturiKuukuu: Mwache. Nyuzi6, rudi hapa. Hiyo ya 1969 umeisikia kwenye santuri au kwenye hizo simu zenu?