Majirani wa Chemchemi, Malakisi

[18:42] Mama Naliaka: Majirani, hamjambo. Jumapili baada ya ibada tukutane kwa Mzee Barasa. Kuna vibanda karibu na shule vinauzia watoto sigara. Pili, hii tumbaku tunayotaka kupanda tena. Andikeni NAKUJA.

[18:51] Mama Naliaka: Naona mmesoma. Vidole vinauma?

[18:57] Simiyu: Chai iko?

[18:58] Mama Naliaka: Simiyu.

[18:58] Simiyu: Naulizia wengi 😂

[19:03] Mama Naliaka: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inasema asiyefika miaka 18 asiuziwe. Na pakiti isipungue sigara 10. Hii ya kupasua pakiti mnauza moja moja, kiberiti kimefungwa kamba hapo dirishani, ni makosa.

[19:05] Baba Brian: Kama ni mimi, nitaje. Mtoto anasema ametumwa na babake. Nimpigie babake simu kila saa?

[19:05] Mama Naliaka: Ndiyo.

[19:07] Simiyu: Babake hana salio, amenunua sigara 😂😂

[19:09] Nanjala: Na ugoro wa Kukhu?

[19:14] Kukhu Rosa: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

[19:16] Nanjala: Jameni! Eti kopo lake mtalichukua siku ya mazishi.

[19:22] Wafula: La vibanda nakubali. Lakini tumbaku ndiyo inasomesha kwangu. Gari la kampuni linafika mpaka kwa geti. Nikipanda maharagwe, nitampelekea nani?

[19:25] Mama Naliaka: Migori walianza 2022. WHO, FAO na WFP, yale mashirika ya UN ya afya, kilimo na chakula, waliwaletea mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma, na WFP wakakubali kununua.

[19:26] Wafula: Migori si Malakisi. Hapa nani amekuja?

[19:28] Mama Naliaka: Na wewe msimu uliopita, kampuni ikishakata pesa za mbegu, mbolea na dawa ilizokukopesha, ulibaki na ngapi?

[19:28] Wafula: Mfuko wangu usiuanike hapa.

[19:31] Khaemba: Kuni za tanuru lake la kukaushia tumbaku pia hakatwi. Alijikatia mvule wa chemchemi.

[19:32] Wafula: Hayo yaliisha kwa chifu.

[19:32] Khaemba: Yaliisha kwako. Sisi tunachota matope.

[19:34] Simiyu: Ingwe wanacheza saa ngapi leo?

[19:35] Mama Naliaka: SIMIYU!

[20:31] Mzee Barasa: Mjukuu amenisomea yote. Wafula, mti nauacha. Nasema juu ya kijana wako. Alichuma majani alfajiri, umande ukamlowesha mpaka tumboni. Nilimkuta kwa mtaro anatapika, hawezi kusimama. Shati nilimvua mimi. Kule zahanati tuliambiwa sumu ya tumbaku iliingia kwa ngozi. Mtoto hajawahi kushika sigara. Jumapili uje. Khaemba naye aje, mdomo auache nyumbani.

[21:20] Wafula: Sawa, Mzee. Nitakuja kusikiliza. Lakini miche imeshaota, siwezi kuing'oa.

[21:22] Mama Naliaka: Asante, Wafula. Baba Brian?

[21:40] Baba Brian: Jumapili nina matanga Chwele. Na nikiacha kuuza moja moja, yule wa ng'ambo ya barabara naye ataacha? Anza na yeye.

[21:41] Mama Naliaka: Basi Jumatatu jioni?

[21:43] Nanjala: Jumatatu wengine tuko soko.

[21:44] Mama Naliaka: Mzee, tufanye siku gani?

[21:58] Nanjala: Amelala.

[05:52] Pamela: Habari za asubuhi. Nani ana mashine ya kupukuchua mahindi?

[05:53] Mama Naliaka: Pamela, panda juu usome kwanza.