Mpangaji wa kiti kaleta kabati lake la vioo saluni kwangu. Nimtoze au nimwache?

MamaVioo_AreaD
Habari za jioni jamani. Nina saluni hapa Area D, Dodoma, fremu nalipa laki mbili na nusu kwa mwezi, viti vitatu. Kimoja nimempangisha msusi, binti mzuri tu, ana mkono mwepesi, laki yangu naipata kila tarehe 5 bila kusumbuana. Mwezi uliopita akaniomba aweke vitu viwili vitatu vya kuuza, nikasema sawa. Jumatatu nafika, nakuta kabati la vioo urefu wa mtu limesimama mlangoni. Mawigi sita, mafuta ya nywele, hereni, na taa ndani inakula LUKU yangu. Shelfu yangu ninayouzia mafuta yangu imefichwa nyuma huko. Nimemwambia aongeze elfu 40 au anipe asilimia 15 ya mauzo. Kanuna. Eti wateja ni wake. Nani ana haki hapa?

Fundi_Rasta
Binti ana haki. Mteja anafuata mkono, hafuati kiti. Akihamia Nkuhungu kesho wanamfuata huko huko.

Bwana_Hesabu
Asilimia usiiguse dada. Utajuaje kauza mangapi? Utakuwa unahesabu mawigi kila jioni kama askari magereza. Chukua kiasi kimoja kwa mwezi, au fanyeni mali kauli: vitu vyake, unauza wewe, unakata chako unampa chake. Halafu mlangoni siyo mahali. Anayesukwa rasta anakaa saa nne anatazama kioo. Kibao chembamba chini ya kioo, usawa wa macho ya aliyekaa, kinauza kuliko kabati zima la mlangoni. Mpe hicho cha kwenye kiti chake, wewe baki na mlango na kaunta. Ila muandikiane.

Fundi_Rasta
"Askari magereza." Kwa hiyo wasusi ni wafungwa? Ndivyo mnavyotuona.

Bwana_Hesabu
Nimesema mawigi. Mawigi ndiyo wafungwa.

Fundi_Rasta
Nimekaa kwenye kiti cha mtu miaka sita, nahesabiwa mpaka vibanio. Usinifundishe.

Shangazi_Makole
Wewe sita, mimi ishirini nafundisha mabinti kusuka bure, na ugali juu yangu. Akishajua twende kilioni tu, anafungua chake mtaa wa pili na namba zote za wateja wangu ziko kwenye simu yake. Halafu mnakuja na "mteja anafuata mkono". Huo mkono aliufundisha nani?

Fundi_Rasta
Shikamoo shangazi. Mimi hukunifundisha wewe.

Shangazi_Makole
Marahaba. Ningekufundisha mimi ungekuwa na adabu.

Mtoto_wa_Kinondoni
Nacheka peke yangu. Mnagombania kabati la vioo Dodoma, kwa vumbi hilo? Wigi la rangi ya dhahabu likikaa siku tatu linakuwa udongo wa Kizota. Nilipanda SGR wiki iliyopita kuja huko, nikaingia saluni, dada anafuta kioo kwa kipande cha kitenge, vumbi linahama kushoto linarudi kulia. Huku Dar kila kiti kina shelfu yake na hakuna anayelia.

Mgogo_Halisi
Mbukwenyi wote. Treni yenyewe imeanza 2024, tayari mmeshakuwa wakaguzi wa vioo vyetu. Vumbi ni letu na Bunge ni letu. Nyie kwa joto lile na unyevu ule, wigi lenu linanuka dagaa.

Mtoto_wa_Kinondoni
Mmeambiwa ni jiji juzi tu, 2019.

Mgogo_Halisi
2018, siku ya Muungano. Na uamuzi wa makao makuu ni wa 1973. Jua unachobeza.

Mtoto_wa_Kinondoni
Tangu 1973 mnahamia tu! Hata nyumbu wanafika.

Mgogo_Halisi
Waliokuwa hawataki kuhama ni nyie. Leo mawaziri wenu wako Mtumba, na Bunge la bajeti likianza fremu hazipatikani, bei inapanda, ndiyo maana mama wa watu anahesabu kila futi ya mlango wake.

Shangazi_Makole
Hapo kwenye bei umenena. Wateja wa Bunge wanalipa vizuri ila wana haraka kama wamewasha moto.

MamaVioo_AreaD
Jamani, mimi niliuliza habari ya kabati. Na sijamaliza. Chini kabisa kuna makopo matano hayana lebo, kafunga kwa selotepu. Anasema ni "ya kung'arisha".

Nesi_Mstaafu
Kopo lisilo na lebo? Mdogo wangu, hapo elfu 40 imeshasahaulika. Huo ni mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na siyo kwa kuonewa wivu. Nimeona ngozi inayochubuka ikishonwa, uzi unakata nyama kama kisu kwenye siagi. TFDA wakipita hapo umekwisha.

Bwana_Hesabu
TFDA haipo tena mama. Tangu 2019 vipodozi viko TBS. Lakini umenena kweli: mkaguzi akiingia haulizi kwanza kabati la nani, anatazama leseni iliyotundikwa ukutani ina jina la nani.

Fundi_Rasta
Mnamsingizia mtoto wa watu. Kung'arisha inaweza kuwa ya nywele.

Nesi_Mstaafu
Dawa ya nywele yenye haya ya kutaja jina lake?

Mtoto_wa_Kinondoni
Wanunuzi wake ndio hao hao wanaosema Dar tunajichubua 😂

Mgogo_Halisi
Mke wangu mweusi tii na sijawahi kumkosea njia gizani. Wewe je?

Shangazi_Makole
Mambo ya mke yabaki nyumbani, baba.

MamaVioo_AreaD
Narudi baada ya siku nne. Makopo kayatoa mwenyewe nilipomuuliza tukiwa wawili, akasema aliachiwa na rafiki yake. Sikuchimba. Kabati nalo limejihamisha. Mlango wangu unatazama magharibi, jua la saa kumi lilipiga vioo Jumatano, mafuta yake ya mgando yakawa maji ndani ya chupa, lebo zimepauka kama zimefuliwa. Tumelisukuma kona ya ndani, taa tumeichomoa. Atatoa elfu 25, na kibao cha chini ya kioo chake ni chake. Tumeandika kwenye daftari, kila mtu kasaini.

Bwana_Hesabu
Kibao! Nilisema siku ya kwanza.

Fundi_Rasta
Elfu 25 bado ni nyingi.

MamaVioo_AreaD
Ngoja kwanza. Leo asubuhi kaja na ndoo ya ubuyu, kaiweka kaunta, mia mbili mia mbili. Kwenye daftari tuliandika vipodozi. Sasa ubuyu nao tunauhesabu wapi?

Mtoto_wa_Kinondoni
Ubuyu wenyewe ni huo mkavu wa kwenu au ule wa Zanzibar wenye sukari?

Mgogo_Halisi
Wewe rudi kwenye treni.