Mjadala: Chyulu ipimwe mitetemeko, au tuiache?

Mleta mada: Wenzangu, hapa Nairobi volkano zikitajwa husikii ila Longonot na Suswa. Wengi wanasema pesa za kupima mitetemeko ziende Bonde la Ufa tu, kwani Chyulu, huko kusini mashariki mwa Kenya, ni vilima vya volkano vilivyokufa. Napinga.

Chyulu ni mamia ya vilima vidogo, na vingi vililipuka mara moja tu vikanyamaza. Magma (mwamba ulioyeyuka) ya huko hutoka kina kirefu kwa mafungu madogo. Kila fungu hupasua njia yake miambani, njia ikapoa na kuziba, na fungu lijalo likatokea pengine. Kwa hiyo kilima kimoja kufa hakutuambii lolote juu ya eneo zima. Tena upande wa kaskazini una umri wa zaidi ya miaka milioni moja, ila kusini ni kuchanga: Shetani na Chainu zilimwaga lava miaka ya 1850. Kwa ardhi, hiyo ni jana!

Mchangiaji, Mathare: Ndugu, mafuriko ya 2024 yalituulia watu huku. Leo tutafute pesa za kitu kilichotokea enzi za babu wa babu zetu? Na hata ukijua, lava utaizuia?

Mleta mada: Pole sana, na mitaro yenu isiguswe hata shilingi. Lava haizuiliki, lakini watu huhamishwa. Mwaka 1943 huko Mexico, volkano ya Paricutín ilichomoza katikati ya shamba la mahindi, kwenye eneo lenye vilima vya aina hii zaidi ya elfu moja. Ardhi ilikuwa imetetemeka kwa wiki kadhaa kabla. Auckland, mji wa New Zealand uliojengwa juu ya volkano zipatazo 50, husikiliza ardhi usiku na mchana, ingawa mlipuko wao wa mwisho, Rangitoto, una miaka kama 600. Wetu haujafika 200. Tena jambo hili si la wakazi wa huko tu: mvua inayozama kwenye miamba ya Chyulu ndiyo hutokea kwenye chemchemi za Mzima, na bomba hupeleka maji hayo Mombasa.

Mchangiaji, kwetu Kibwezi, karibu na Chyulu: Vipimo naviunga mkono. Ila mtambo ukilia Nairobi, nani atamwambia mama yangu shambani?

Mleta mada: Hapo umenena. Basi bajeti iwe na machifu na redio za Kikamba na za Kimaasai tangu mwanzo, na mazoezi ya kuhama yafanyike barazani. Bila hivyo hata mimi siungi mkono.